Aliyepandisha Petroli Brestovo

Ukifika Brestovo ukauliza nani anapandisha bei ya petroli, usijisumbue kwenda mbali. Watakuelekeza kwangu. Watakwambia, "Pita kanisani, kata kushoto, nyumba ya pili, yule mjane mwenye mdomo." Mjane ni mimi, mdomo ni wangu, jina ni Zagorka, na huu ni mwaka wa kumi na nne nauza mafuta kwenye pampu pekee ya kijiji. Najaza matangi, nafuta vioo, nauza sigara na betri, na katikati ya hayo yote natukanwa.

Bei yetu haiwaki kwa taa kama mjini. Iko kwenye bango la bati juu ya nguzo, kwa vibao vya plastiki vyenye namba, vimening'inia kwenye kulabu. Kila Ijumaa saa tisa alasiri serikali inatangaza bei ya juu kabisa ya wiki, bosi wangu ananipigia simu kutoka mjini, nami nachukua ngazi, napanda, natoa namba ya zamani, naweka mpya. Na kwa kuwa mgahawa wa Dragutin uko ng'ambo ya barabara, wanaume wa kijiji wananitazama kupitia kioo wakiwa na glasi mkononi. Wameniona nikipanda karibu mara mia saba. Kuna siku nilipanda bei ikashuka, lakini hizo hakuna hata mmoja anayezikumbuka.

Vuli ile bei ilipanda Ijumaa nne mfululizo. Mgahawani hapakuwa na mazungumzo mengine. Nilikuwa nikienda kunywa kahawa yangu nawakuta wameshaifungulia dunia kesi.

"Ni mlango wa bahari," anasema Dragutin. Huyu alikuwa sajenti jeshini kabla ya kufungua mgahawa, na nyuma ya kaunta ametundika ramani. Anaipiga kwa mwiko. "Hapa! Meli moja ikikohoa hapa, sisi tunashikwa na mafua."

"Mlango wa bahari gani," anadakia jirani yangu Vidosava, ambaye hana gari wala baiskeli lakini kwenye suala la petroli hapitwi. "Ni mkubwa wa kiwanda cha kusafisha mafuta. Anamjengea hawara nyumba. Huyo ni hawara wa tatu! Wewe unadhani vigae vya marumaru vinatoka wapi?"

"Ni kodi," anasema mtu wa posta. "Nusu ya lita ni kodi."

"Ni dhambi zetu," anasema Padri Gavrilo, na kunyoosha glasi yake ijazwe.

Ndipo Momir, dereva wa teksi, anageuza kiti taratibu na kuninyooshea kidole. "Nyie endeleeni kuzunguka bahari na marumaru. Mimi anayepandisha namwona kwa macho yangu. Yule pale, kavaa koti jekundu."

"Momir, mimi nabandika namba tu!" namjibu. "Anayesoma hali ya hewa redioni ndiye anayenyesha mvua?"

"Anayesoma hali ya hewa hachukui ngazi akapanda kuifungulia."

Wanacheka, wanagonga meza. Nacheka nao, kisha narudi kwenye pampu na kuiacha kahawa nusu kikombe. Momir nilikuwa nampa nafasi yake, maana nilijua. Mkewe, Stamena, figo zimemchoka, na mara tatu kwa wiki lazima apelekwe mjini kusafishwa damu, kilomita arobaini na nane kwenda, arobaini na nane kurudi. Gari la hospitali linakuja likijisikia. Kwa hiyo teksi ya Momir ina abiria mmoja wa kudumu, na huyo halipi nauli. Kila nilipopanda ngazi, Momir alikuwa anaona mkono wangu unaingia mfukoni mwake. Matusi yake niliyameza.

Lakini vuli ile sikuwa na nafasi ya kumeza mengi, kwa sababu slava ilikuwa inakaribia.

Kila nyumba kwetu ina mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu ndiyo slava ya nyumba. Yetu ni Mtakatifu Georgi wa Novemba, tarehe kumi na sita. Unawasha mshumaa mrefu, padri anakuja kukata mkate, unapika ngano na kokwa za walnati, unafungua mlango asubuhi na unasubiri. Unasubiri tu, kwa sababu slava haialikiwi. Hupigi simu, humwambii mtu "karibu", hata kwa kukonyeza. Anayekukumbuka anakuja. Asiyekuja, basi amekujibu, na wewe huna haki ya kumuuliza hata neno moja.

Marehemu mume wangu Ratomir alikuwa anajaza nyumba. Watu arobaini, viti vya kuazima, wengine wanakula wamesimama. Alifariki mwaka jana mwezi wa pili, na slava iliyofuata ilikuwa ya matanga, kimya, bila wimbo. Hii ilikuwa ya kwanza mimi kuishika peke yangu. Na Vidosava, Mungu amsamehe ule ulimi, alikuwa ameniambia juu ya uzio, huku akianika soksi, "Sasa ndipo tutajua walikuwa wanakuja kwa ajili ya nani."

Sikulala siku mbili kwa ajili ya sentensi hiyo. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: Jumapili ile mlango wangu ufunguliwe. Hata na watu kumi. Hata na watano.

Basi Ijumaa, siku mbili kabla, Vidosava akanijia pampuni mchana. Sauti ya asali.

"Zago, jirani yangu, twende kijiji cha pili. Kuna mtu anauza walnati bei ya kutupa. Utatia nini kwenye ngano, kokoto?"

Nikaguswa. Nikasema, kumbe ananijali. Nikafunga pampu saa sita, nikapanda naye basi, tukamtafuta huyo mtu wa walnati saa mbili nzima bila kumwona, tukarudi mikono mitupu. Nilipofika, foleni ilikuwa imeshapangwa. Magari kumi na manane! Matrekta mawili! Na Dragutin kaleta pipa. Bei mpya ilikuwa haijatangazwa hata. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini mtu akitaka sana kupendwa anakuwa mjinga.

Saa tisa na dakika tano bosi akapiga.

"Dinari saba," akasema.

"Saba? Kwa mkupuo?" Nikakaa juu ya kreti la soda. Ilikuwa mia na themanini na nne, sasa mia na tisini na moja. "Bosi, Jumapili ni slava yangu."

"Heri ya slava. Panda."

Nikazunguka nyuma ya kituo. Mnyororo niliofungia ngazi umekatwa, umelala chini. Ngazi hakuna.

"Ngazi yangu iko wapi?" nikawauliza walio kwenye foleni.

"Ngazi gani?" akasema mtu wa posta.

"Kuna mtu ameona ngazi?" akasema Dragutin, akitazama mawingu.

Momir alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amekaa kwenye teksi yake, kioo kimeshushwa. Akanionyesha bango kwa kidevu. "Imeandikwa mia na themanini na nne. Sheria ya biashara, mama: bei ni ile iliyobandikwa. Bila ngazi hupandi, na usipopanda haipandi. Jaza."

Hapo nikaielewa akili yao. Jamani! Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamekaa mezani wakakubaliana kuwa bei ya mafuta ya dunia nzima inasimamiwa na vipandio kumi na viwili vya aluminiamu. Wakishaniondolea ngazi, mlango wa bahari utatulia, mkubwa wa kiwanda atamwacha hawara, na kodi itafutwa.

"Sijazi," nikasema. "Nabandika kwanza."

Nikaenda kuchukua ufito mrefu wa kupigia plamu, ule tunaoutumia kutikisa matawi. Nikasimama chini ya bango, nikanyoosha, nikawa nachokonoa kibao chenye namba nne ili nikitoe. Foleni nzima imetoka magarini. Wananipa maelekezo kama mafundi mia.

"Kushoto, Zago!"

"Juu kidogo!"

"Mwacheni, ana mikono ya dhahabu!"

Kibao hicho kikachomoka, kikazunguka hewani, kikaanguka kwenye dimbwi. Nikatazama juu. Bango lilikuwa limebaki na moja na nane. Dinari kumi na nane kwa lita.

Weee! Makelele yale! Watu walikumbatiana. Mwenye trekta alipiga honi. "Kumi na nane! Imebandikwa! Kwa mkono wake mwenyewe!" Vidosava akatoka mbio nyumbani kwake na chupa mbili za plastiki za siki, yeye asiye na hata kiberiti cha petroli. Dragutin akaanza kulivingirisha pipa. Simu inalia mfukoni, bosi anataka kujua kama nimemaliza, na mimi nimesimama na ufito, koti limechafuka tope, nawatazama hao watu. Ndio hao hao niliokuwa nimewahesabia viti.

Nikautupa ufito chini. Damu ilinipanda kichwani na nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kanisani.

"Nisikilizeni! Aliyegusa ngazi yangu, awe nani, mguu wake usikanyage kizingiti changu Jumapili! Mnasikia? Siku ya slava, kizingiti changu asikikanyage!"

Hata trekta ilizimwa. Maana kitu hicho hakijawahi kufanyika Brestovo. Tumegombania mipaka, tumepigana makonde kwenye mazishi, lakini kumfungia mtu mlango wa slava, hapana, hata wazee wa zamani hawakuthubutu. Nikaona kila mtu anatazama viatu vyake. Vidosava akazificha chupa chini ya aproni. Wakaingia magarini, mmoja mmoja, wakaondoka bila mafuta.

Bosi alifika saa kumi na moja na gari la fundi umeme, fundi akapanda kwa ngazi yake mwenyewe, na mia na tisini na moja ikapanda pale pale ilipotakiwa kupanda. Kazi yote ile ilikuwa bure.

Jumamosi nilipika. Nilichemsha ngano, nilikanda mkate na kuupamba kwa njiwa wa unga, nilikunja sarma mia moja na ishirini, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi chachu. Kila mwaka Vidosava huja kukunja nami, tunawasema watu hadi sufuria ijae. Mwaka huu nilisikia mlango wake ukifungwa. Nikasema, hewala, amenuna. Nikaendelea kukunja peke yangu na kuwasema watu peke yangu, na haina ladha.

Alasiri nikamwona Padri Gavrilo amesimama nje ya geti, kofia mkononi.

"Ingia, Baba Padri, kuna baridi!"

"Nipo sawa hapa hapa."

"Umekuja kunibarikia uzio?"

Akakohoa. "Zagorka binti yangu, nilikuwa nafikiria... kesho ule mkate, pengine uulete kanisani nikukatie huko."

"Miaka ishirini na mitano unakata mkate nyumbani kwangu na unakunywa glasi tatu za gongo ya plamu. Leo kuna nini?"

Akashusha macho. "Ngazi yako iko kwenye mnara wa kengele."

Nilishika geti. "Wewe, Baba Padri?"

"Waliniambia ni ya kutengenezea kengele! Nikawafungulia mlango. Nikaibariki hata."

"Uliibariki ngazi ya wizi!"

"Ilionekana ngazi ya kawaida tu."

"Nani aliibeba? Nitajie."

"Afadhali uniulize nani hakuibeba." Akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikutosha. Momir alikata mnyororo. Dragutin alishika mbele na kutoa amri. Mtu wa posta alikaa njiani apige mluzi nikirudi. Wenye matrekta walishika katikati. Vidosava alinipeleka kwenye walnati. Wake zao walifagia alama za miguu kwenye tope. Na kwenye ngazi za mnara Momir aliteleza, akateguka kifundo, sasa anatembea na mkongojo.

"Kwa hiyo kijiji kizima," nikasema.

"Isipokuwa Stamena. Alikuwa hospitali."

Nikaona giza. Sarma mia moja na ishirini ndani, na nimeshawafukuza wote kwa mdomo wangu, mdomo huu huu. Hasira hasara, nilifundishwa na mama yangu na sikujifunza.

"Basi waambie nimefuta. Waambie waje."

"Nikiwaambia waje, nimealika," akasema padri kwa huzuni. "Slava ya kualika si slava, Zagorka, hiyo ni harusi. Na wewe mwenyewe ndiye uliyelitamka neno lile mbele ya watu, jina la slava ndani yake. Maji yameshamwagika. Halafu..." akaizungusha kofia. "Wanaona aibu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutembea mpaka hapo mlangoni ukimtazama."

Akaondoka. Nilikaa jikoni nikalia hadi ngano ikaungua chini kidogo. Nikamlilia Ratomir, nikamgombeza pia, kwa kuniachia nyumba ambayo yeye ndiye aliyejua kuijaza.

Jumapili niliamka mapema. Nikavaa nguo yangu ya bluu. Nikawasha mshumaa, nikaweka ngano mezani na vijiko, nikapanga glasi arobaini. Nikafungua mlango wote, baridi ikaingia. Kisha nikasimama, kwa sababu kwetu mwenye slava haketi siku hiyo. Anasimama anahudumia wageni. Sasa niambie, mtu anayesimama kuhudumia wageni ambao hawapo anasimama vipi? Nilisimama hivyo saa tatu, saa nne, saa tano. Mshumaa unashuka. Nilijiambia: ikifika saa sita hawajafika, nitaufunga mlango, na mwakani sitapika tena.

Saa tano na nusu nikasikia zogo upande wa bustani. Minong'ono, kitu cha chuma kinagonga ukuta. Nyumba yetu imejengwa juu ya ghala la mvinyo, kwa hiyo dirisha la chumba kikubwa liko juu, zaidi ya kimo cha mtu na nusu. Nikasikia sauti ya Dragutin, ile ya jeshini:

"Mmoja mmoja! Msisukumane! Shikilieni chini, nyie mizigo!"

Mara ncha za ngazi yangu zikaegemea dirishani, kisha ikatokea kofia nyeusi. Chini ya kofia, ndevu. Chini ya ndevu, Padri Gavrilo, mwekundu, anahema, msalaba umening'inia begani.

"Ulisema kizingiti," akasema. "Nimetafakari usiku kucha. Dirisha hukulitaja."

Akatumbukiza mguu mmoja ndani, kanzu ikanasa kwenye kitasa, ikachanika kwa sauti ambayo sitaisahau, akaangukia kwenye kochi. Akainuka, akajikung'uta, akanyoosha mkono. "Heri ya slava, mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwambia Ratomir. Nilimsukumia ngano tu.

Nyuma yake akaingia Vidosava, miaka sabini na mmoja, sketi nyeusi ameifunga kiunoni, soksi za sufu hadi magotini, na bakuli la keki ndani ya kitambaa alichokiuma kwa meno.

"Usinitazame hivyo," akasema alipotua bakuli. "Hakuna aliyenialika."

"Mimi nimesema kitu?"

"Macho yako yamesema. Na sarma umezikunja vibaya, hizi zinafunguka. Sogea huko."

Akaja mtu wa posta. Akaja mwenye trekta ya kwanza na mkewe, akaja wa pili. Akaja Dragutin wa mwisho kama nahodha, na ramani kaikunja chini ya kwapa, maana alijua mjadala utaendelea. Kila mmoja alitua sakafuni, akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani, akasema "Heri ya slava," na mimi nikamwekea kijiko cha ngano. Mlango uko wazi hatua tatu kutoka hapo. Hakuna aliyeukaribia. Watu thelathini na kitu waliingia kwangu kupitia dirishani wakiwa na nguo za kanisani.

Nilikuwa nimeshaanza kumimina gongo nilipomwona, kupitia mlango ule ule ulio wazi, mtu ameketi uani kwenye gogo la kupasulia kuni. Momir. Kifundo kimefungwa bendeji nene, mkongojo magotini. Stamena amesimama pembeni yake, mwembamba, skafu shingoni, mikono amekumbatia chupa.

Dragutin akanong'ona, "Hawezi kupanda, mguu. Tumejaribu kumvuta kwa kamba, akatutukana."

Nikatoka hadi mlangoni.

"Stamena, wewe huna kosa. Ingia, dada."

"Siingii nikamwacha huku nje," akasema. Alisema taratibu, bila hasira.

"Sikuja kuingia," Momir akasema. Hakuninyanyulia macho. "Nimekuja kusema heri ya slava, basi. Nimeshasema. Mnyororo wa ngazi nimeukata mimi, si wao. Walionibebea ni wajinga tu." Kutoka ndani Dragutin akasema "Asante," mtu akamziba mdomo.

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Ijumaa, mengine ya moto sana. Nikauliza jingine.

"Momir, unaamini kweli ni mimi ninayepandisha petroli?"

Akachora kitu kwenye vumbi la mbao kwa ncha ya mkongojo. "Nina akili, Zagorka. Nimemaliza shule ya ufundi."

"Sasa?"

"Sasa yule anayepandisha simjui. Sijui yuko nchi gani, sijui sura yake, sijui kama ni mmoja au ni mia. Nikimtukana hanisikii. Ijumaa naona namba ile, najua Jumatatu lazima nimpeleke huyu mjini, na Jumatano, na Ijumaa tena, na lazima nimkasirikie mtu. Wewe nakujua." Hapo akaniangalia. "Wewe unasikia. Tena unajibu."

Stamena aligeuza uso upande wa bustani. Nami nilisimama pale mlangoni na hasira yangu yote mkononi, sina pa kuiweka. Miaka kumi na minne nilidhani ananichukia. Alikuwa anakuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Tumbebe!" akasema Dragutin nyuma yangu, kashapanga mkakati. "Watu wanne. Tukimbeba, mguu wake haukanyagi kizingiti, na neno la mama linabaki palepale!"

"Wazo zuri sana," akasema padri.

"Hapana," nikasema. "Hakuna kubeba mtu."

Nikashuka uani. Nikampa Momir bega langu, Stamena akashika upande wa pili, tukamwinua. Ni mzito huyo mtu! Tukaja hatua kwa hatua hadi mlangoni, na hapo akasimama, kama farasi mbele ya daraja.

"Zago, ulisema mbele ya watu wote."

"Nilisema. Kanyaga."

"Si vizuri. Neno la slava."

"Momir, neno ni langu na kizingiti ni changu. Kanyaga, nitakupiga na huo mkongojo."

Akakanyaga. Kwanza mguu mzima, halafu akauleta ule wa bendeji, akauweka katikati kabisa ya ubao, uzito wote, akauma meno. Nilisikia Vidosava ndani anapenga kamasi kwenye aproni.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," akasema Momir.

Nikamketisha kwenye kiti cha karibu na mshumaa, nikamletea ngano kwa mkono wangu, yeye kwanza, kisha Stamena. Ilikuwa imeungua chini kidogo. Wote wawili walimaliza.